Kuosha injini nyumbani kabla ya safari ya mpakani: yapi yafanywe, yapi yaepukwe

Mfanyabiashara anayepakia vitunguu Mang'ola, wilayani Karatu, akielekea Nairobi kupitia Arusha na Namanga, hukagua matairi, hupima oili, huangalia kamba na turubai, kisha huondoka. Ni wachache wanaofungua boneti au kuinua kabini kutazama hali ya injini yenyewe. Wanaofanya hivyo mara nyingi hawaoni kitu, kwa sababu injini imefunikwa na tabaka la vumbi lililochanganyika na oili, jeusi na zito kama lami, na chini ya tabaka hilo huwezi kujua kipi kinavuja na kipi ni kizima.

Matokeo yake huonekana njiani. Mpira wa rejeta uliokuwa na ufa mdogo hupasuka kwenye mlima, oili iliyokuwa ikichuruzika taratibu hudondokea bomba la moshi na kuanza kufuka, na vitunguu hukaa juani siku mbili vikisubiri fundi. Kwa mwenye mzigo wa tranziti hali ni mbaya zaidi. Mzigo uliofungwa lakiri ya forodha hauhamishiwi gari jingine barabarani kama magunia ya mkaa. Ni lazima idhini ya forodha ipatikane kwanza, na saa zinahesabika.

Kuosha injini ni kazi ambayo mwenye gari au dereva anaweza kuifanya nyumbani, kwa saa tatu au nne, bila gharama kubwa. Lakini ni kazi hiyohiyo ambayo ikifanywa vibaya humfanya mtu aende kulala na gari zima na kuamka na gari bovu. Mafundi wengi wa umeme wa magari hupokea kila mara magari yaliyokuwa yakitembea vizuri hadi yalipopelekwa kuoshwa.

Kwanza ni lini

Kosa la kwanza ni la kalenda. Madereva wengi hupenda kuosha gari jioni, safari ikiwa alfajiri. Maji yaliyoingia kwenye soketi ya waya au kwenye kisima cha plagi hayaonyeshi madhara papo hapo. Gari huwaka, hutembea kilomita 40, kisha huanza kukatakata. Injini inayooshwa inatakiwa ioshwe siku mbili au tatu kabla ya kupakia, ili gari litembee na kasoro yoyote ijitokeze likiwa bado karibu na nyumbani. Pia uvujaji uliogunduliwa Jumatatu unaweza kutengenezwa Jumanne, lakini ule uliogunduliwa saa kumi alfajiri, mzigo ukiwa juu, huishia kwa dereva kusema "tutaangalia tukirudi".

Ni mara ngapi? Kwa gari linalopita njia za vumbi, mara mbili au tatu kwa mwaka inatosha. Anayeosha injini kila wiki hajiongezei faida, anaongeza tu nafasi ya maji kupenya.

Petroli si sabuni

Katika gereji nyingi kuna kopo la petroli na brashi, na grisi huondoka haraka kweli. Hatari yake ni mvuke. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali, nyuzi nyingi chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini ya gari na kwenye mashimo ya injini. Cheche moja kutoka kwenye nguzo ya betri, au mtu aliyesimama karibu na sigara, inatosha.

Mafuta ya taa na dizeli ni afadhali, lakini si salama kama wengi wanavyodhani. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke unaoshika moto kwenye joto la nyuzi 38 hivi, na dizeli kwenye nyuzi 50 na kitu. Injini iliyotoka safarini ina maji ya nyuzi 90, na bomba la moshi lina joto la mamia ya nyuzi. Kwa hiyo mtu anayemwaga mafuta ya taa kwenye injini ya moto ameshavuka mpaka huo bila kujua. Vilevile mafuta haya hulainisha na kuvimbisha baadhi ya mipira, hasa ile ya kushikilia injini, na mpira ulioharibika hivyo hupasuka miezi kadhaa baadaye wakati hakuna anayekumbuka chanzo. Mahali pa mafuta ya taa ni kwenye tambara au brashi ndogo, kwa grisi iliyoganda sana kwenye chuma, injini ikiwa baridi, kisha pafutwe na kuoshwa kwa sabuni.

Kwa kazi kubwa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au sabuni ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu inatosha. Dawa za kuondoa grisi zinazouzwa madukani hufanya kazi haraka zaidi, ila ni vizuri kusoma kopo. Zile zenye kostiki soda hula aluminiamu, na sehemu nyingi za injini za siku hizi, kuanzia silinda hedi hadi tapeti kava na rejeta yenyewe, ni aluminiamu. Chuma cheupe kikigeuka cheusi au kijivu kilichofifia baada ya kuoshwa, dawa ilikuwa kali mno.

Kufunika kabla ya kumwaga

Injini ipoe hadi kiganja kiweze kutulia juu ya tapeti kava bila kuungua. Uvuguvugu kidogo unasaidia, kwa sababu grisi hulainika na maji hukauka upesi. Maji baridi kwenye bomba la moshi lenye moto huweza kulipasua, na mvuke unaoruka humchoma mwoshaji usoni.

Kabla ya maji kuna kazi ya mikono mikavu. Majani, nyasi, manyoya na mchanga viondolewe kwa brashi au kwa upepo wa kompresa. Gari lililoegeshwa wiki kadhaa, kwa mfano linalosubiri ushuru au mnunuzi, huwa na kiota cha panya juu ya injini au nyuma ya betri. Kiota hicho ni kuni kavu zilizowekwa karibu na bomba la moshi, na panya huyohuyo mara nyingi ameshatafuna waya. Waya uliotafunwa uonekane kabla ya kulowa.

Kisha betri ifunguliwe, waya wa hasi kwanza. Kurudisha ni kinyume, hasi ndiyo ya mwisho. Sababu ni rahisi: spana inayofungua chanya ikigusa bodi wakati hasi bado imeungwa, hupiga cheche. Malori yenye betri mbili za mfumo wa volti 24 hufuata utaratibu uleule, kuanzia hasi inayokwenda kwenye chesi. Unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo za betri huoshwa kwa magadi soda yaliyochanganywa na maji, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa, kwa sababu magadi yakiingia ndani huua asidi.

Vitu vya kufunikwa ni hivi: mdomo wa ea klina, altaneta, boksi la fyuzi, kompyuta ya injini kama iko chini ya boneti, na koili au distribyuta kwa magari ya petroli. Kifuniko cha oili kikazwe na kijiti cha kupimia oili kisukumwe hadi mwisho.

Zamani kazi hii ilifanywa na mfuko wa rambo na raba bendi. Wasafirishaji wa kanda hii wanajua kwamba mambo yamebadilika: Rwanda ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara Juni 2019. Furushi la mifuko chini ya kiti linaweza kumgharimu dereva mpakani kuliko fundi wa altaneta. Kipande cha koti la mvua lililochakaa, glavu za mpira, au nailoni nzito ya kufunikia mbegu vinafaa zaidi na hutumika mara nyingi.

Umuhimu wa ea klina unahitaji maelezo zaidi, hasa kwa wenye injini za dizeli. Hewa hubanwa ndani ya silinda, maji hayabaniki. Maji yakiingia kwa njia ya ea klina yakafika ndani ya silinda, pistoni hupanda na kukutana na kitu kisichobonyea, na kinachopinda ni koneti rodi. Injini za dizeli hubana hewa kwa nguvu kubwa kuliko za petroli, hivyo nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo na maji kidogo tu yanatosha kuleta hasara ya injini nzima. Nusu kikombe cha maji mahali pasipotakiwa.

Brashi, muda, na maji kidogo

Sabuni hupakwa kuanzia sehemu za chini kwenda juu, isichuruzike na kuacha michirizi juu ya uchafu mkavu. Brashi ya rangi yenye nywele ndefu inafaa kwa sehemu kubwa, mswaki wa zamani kwa pembe na soketi. Sabuni iachwe dakika tano hadi kumi, isikauke, kisha isuguliwe tena. Sehemu zenye umeme zifutwe kwa tambara lililolowekwa na kukamuliwa. Zisimwagiwe.

Suuza kwa jagi, kwa bomba la bustani lililobanwa kidogo, au kwa pampu ya mkono ile ya kunyunyizia dawa shambani, mradi iwe haijawahi kutumika kwa dawa kali. Mashine ya presha ndiyo chanzo cha magari mengi kufa. Mashine ndogo tu ya nyumbani hutoa msukumo wa baa 100 na zaidi, wakati tairi la gari dogo lina baa mbili na kitu. Mipira inayozuia maji kwenye soketi za waya ilitengenezwa kuhimili mvua na matope yanayorushwa na tairi. Haikutengenezwa kuhimili ndege ya maji ya namna hiyo ikiwa umbali wa shibiri moja. Kama mashine ni lazima, isimame mbali, kichwa chake kifunguliwe maji yatawanyike, na isielekezwe kabisa kwenye altaneta, pampu ya dizeli yenye waya, wala sehemu yoyote yenye soketi.

Kuna magari yanayohitaji uangalifu wa pekee. Hiace, na Noah za mwanzo zile za mwaka 1996 hadi 2001, injini yake iko chini ya viti vya mbele. Ukimwaga maji kwa juu, yanaingia ndani ya gari, yanakaa chini ya zulia na kuanza kula bati na waya zinazopita hapo. Magari hayo yaoshwe kwa tambara na brashi kwa juu, na maji yatumike kwa chini tu. Kwa Canter na malori yenye kabini ya kuinuliwa, kizuizi cha kabini kihakikiwe kimejifunga kabla ya mtu kuingiza kichwa.

Magari ya haibridi, ambayo sasa yanaingia kwa wingi kutoka Japani, yana nyaya nene za rangi ya machungwa. Hizo hubeba umeme wa kuua. Sehemu zenye nyaya hizo zifutwe vumbi kwa tambara kavu na ziachwe hapo.

Rejeta isisahaulike

Kwa wanaopanda Kitonga wakielekea Iringa na Tunduma, au wanaopanda kutoka Mai Mahiu kwenda Nairobi, rejeta ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote katika kazi hii. Wadudu, mbegu za nyasi na vumbi jekundu huziba mapezi yake, hewa haipiti, na joto hupanda mlimani wakati gari linakwenda pole na mzigo. Uchafu huo uliingia kutoka mbele, kwa hiyo utolewe kwa kusukumwa kutoka nyuma, upande wa injini, kwa maji yenye nguvu ndogo na brashi laini inayofuata mwelekeo wa mapezi. Mapezi ni membamba na hulala kwa msukumo mdogo tu. Aliyeyalaza kwa mashine ya presha ameziba rejeta aliyotaka kuizibua.

Kukausha, kuwasha, kusoma

Boneti ikae wazi juani saa moja au mbili. Matambara yatumike, upepo wa kompresa ukiwepo upulizwe kwenye visima vya plagi na soketi. Vifuniko vyote vitolewe, betri irudishwe, injini iwashwe na iachwe ikinguruma dakika 15. Ikitetemeka au kukosa silinda moja, mara nyingi ni maji kwenye plagi au koili: izimwe, zifunguliwe, zikaushwe. Ikigoma kuwaka, stata isipigwe mfululizo. Kama kuna wasiwasi kwamba maji yameingia kwenye njia ya hewa, isipigwe kabisa hadi fundi afungue plagi, au hita plagi kwa injini ya dizeli, maji yatoke.

Sasa ndipo inapoanza sehemu ambayo kazi yote ilifanywa kwa ajili yake. Gari liendeshwe kilomita 30 hadi 50, kisha likaguliwe kwa tochi na karatasi nyeupe. Unyevu mweusi au wa kahawia ni oili ya injini. Mwekundu mwepesi mara nyingi ni mafuta ya giaboksi ya otomatiki au ya stelingi. Wa kijani, wa waridi au mwekundu wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yenye dawa. Dizeli hujitambulisha kwa pua. Kwa kuwa oili hushuka na upepo wa feni huipeperusha nyuma, pale palipolowa chini sipo panapovuja. Chanzo ni ile sehemu iliyolowa iliyo juu zaidi na mbele zaidi. Ikiwa bado haieleweki, poda ya watoto ikinyunyizwa kidogo kwenye maungio makavu huonyesha mstari wa oili baada ya mwendo mfupi.

Unyevu mdogo kwenye gasketi ya tapeti kava unaweza kusubiri safari moja, oili ikipimwa kila kituo. Tone lolote la dizeli au petroli, oili inayodondokea bomba la moshi, na mpira wa rejeta wenye ufa au uliovimba, havisubiri.

Injini inayong'aa

Wapo wanaomaliza kazi kwa kupulizia dizeli au oili chafu ili injini ing'ae. Hung'aa siku moja, kisha hushika vumbi mara mbili ya mwanzo, na muda wote huo gari limepakwa mafuta yanayowaka. Hata dawa halali za kung'arisha plastiki zisifike kwenye fenibelti, maana mkanda ukiteleza altaneta haichaji, na kwenye magari ambayo mkanda huo huzungusha pampu ya maji, injini huchemka.

Mnunuzi wa gari la mtumba, awe ametoka Lubumbashi, Lusaka au Kigali kufuata gari Dar es Salaam, anapaswa kuitazama injini ya namna hiyo kwa jicho la pili. Inawezekana muuzaji ni msafi tu. Inawezekana pia ameosha asubuhi hiyo ili uvujaji usionekane. Dawa yake ni kuomba kuliendesha gari nusu saa na kufungua boneti tena. Vilevile afungue boksi la fyuzi na kuangalia nyuma ya taa za mbele: gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko huoshwa mahali panapoonekana, lakini tope laini hubaki kwenye pembe hizo.

Namba ya injini ni suala jingine. Iko kwenye chuma cha bloku, mara nyingi imezibwa na grisi, na kwa kuwa kadi ya gari ya Tanzania huonyesha namba ya chesi na ya injini, maofisa wanaotafuta magari ya wizi wanaweza kuiomba. Kuisafisha ni jambo jema, lakini kwa tambara na mafuta ya taa tu. Brashi ya waya na msasa huacha mikwaruzo, na namba iliyokwaruzwa inafanana na namba iliyofutwa. Dereva atakuwa na kazi ya kueleza kwamba alikuwa akifanya usafi.

Maji yaliyotoka kwenye injini yana oili na hayatakiwi kwenda kisimani, bustanini wala mtoni. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na kuosha magari kando ya mto ni miongoni mwa mambo yanayowaingiza watu matatani. Nyumbani, maranda ya mbao au mchanga mkavu uliotandazwa chini ya gari hunyonya sehemu kubwa ya oili. Vikusanywe na kuwekwa kwenye ndoo pamoja na oili chafu inayopelekwa gereji.